Aliyetolewa Kundini

Barua ilikuja kwa posta ndani ya bahasha ndefu, na mzee jirani yangu akaileta kwangu kwa mkono wa mjukuu wake. Mzee huyu aliwapikia Waitaliano miaka mingi. Kiitaliano chake cha mdomo kinanipita mbali, lakini cha karatasi hakimwingii, na mimi kazi yangu hapa Malindi ni kufasiri hati za watu.

Msichana alikuwa ameshaifungua njiani. Yuko chuo kikuu, anasoma sheria, na Kiingereza chake ni cha vitabu vizito. Akaniwekea karatasi mezani, akabana kidole kwenye neno lililotangulia jina la babu yake.

"Mjomba, hawa wamemtukana babu?"

Neno lilikuwa Egregio.

Nilielewa alichokiona. Kiingereza kina neno egregious, na mwanafunzi wa sheria hulikuta kila mara limeshikana na jambo la aibu: uvunjaji wa haki uliopindukia, uzembe usiosameheka, uongo usio na haya. Kulikuta mbele ya jina la babu yako, kwenye barua ya ofisi yenye muhuri, kunashtua.

Kwa Kiitaliano ni heshima tupu. Egregio Signor ndivyo ofisi inavyomwandikia mwanamume ambaye haimjui kwa karibu, kama sisi tunavyotanguliza Mheshimiwa au Bwana. Nikamweleza, akashusha pumzi. Barua yenyewe ilihusu karatasi za malipo ya zamani ya mzee, tena ilikuwa na habari njema. Nikaifasiri, akaenda nayo.

Swali akaniachia. Inakuwaje neno moja, lenye asili moja, limsimamishe mtu kizimbani London na limpigie saluti Roma?

Nimelala nalo na kuamka nalo wiki kadhaa sasa.

## Zizini

Warumi walisema egregius. Neno lina vipande viwili. Cha mbele ni e, yaani "kutoka". Cha nyuma ni grex, kundi la mifugo. Egregius, basi, ni yule aliyetoka kundini: mnyama ambaye mchungaji akitupa macho zizi zima, macho yanaganda kwake.

Waliolitunga neno hilo walikuwa wafugaji kabla hawajawa watawala wa mataifa. Hata fedha waliiita pecunia, kutokana na pecus, mifugo. Walipotaka kumsifu mtu waliazima jicho la mchungaji, na sidhani kama msomaji wangu wa Kajiado au Monduli anahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Kundi hilohilo limejaa ndani ya Kiingereza cha leo. Congregation ni kundi lililokusanywa, yaani usharika. Gregarious ni mtu apendaye kukaa na wenzake. Aggregate ni jumla, vitu vilivyoswagwa pamoja. Na segregation ni kuondolewa kundini.

Hilo la mwisho lilinisimamisha.

Segregation ndilo neno lililobeba sera ya wazungu wa Afrika Kusini kabla ya apartheid kuchukua nafasi yake mwaka 1948. Ndilo lililotawala majimbo ya kusini mwa Marekani. Ndilo lililokuwa kwenye mipango ya mji wa Nairobi, mpaka Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la serikali ya Uingereza, ulipoiacha sera hiyo kwa makazi ya mijini, huku ukiwabakishia walowezi nyanda za juu. Mtu mmoja anatolewa kundini akavishwa taji, mwingine anatolewa kundini akanyimwa nyumba, na Kilatini kinawaeleza wote wawili kwa mzizi mmoja.

## Cheo na mshahara

Kwa Warumi egregius halikubaki kuwa sifa ya mdomoni. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 2, zama za Kaisari Marcus Aurelius, lilikuwa cheo rasmi. Vir egregius, "mwanamume aliyetoka kundini", ndivyo walivyoitwa maofisa wa tabaka la pili baada ya maseneta, wale waliosimamia fedha na mali za dola mikoani. Wakubwa wao waliitwa perfectissimus, aliyekamilika kabisa. Juu zaidi, makamanda wa walinzi wa Kaisari walikuwa eminentissimus, aliyechomoza kupita wote. Maseneta walikuwa clarissimus, mng'aavu kuliko wote. Kwenye maandishi ya mawe cheo cha egregius kilifupishwa kuwa herufi mbili tu, V na E, kama tunavyoandika Mhe. mbele ya jina la mbunge.

Na kilikuwa na bei. Maofisa hao walipangwa kwa mshahara: ngazi ya chini sestersi, sarafu za Kirumi, 60,000 kwa mwaka, kisha 100,000, kisha 200,000. Askari wa kawaida wa jeshi la miguu, zama za Marcus Aurelius, alipata sestersi 1,200. Aliyetolewa kundini wa ngazi ya chini kabisa alilipwa sawa na askari 50.

Hapo niliumia kuliko nilivyotarajia. Jicho la mchungaji huangalia mnyama mwenyewe: mgongo, kwato, meno, kiwele. Cheo hakimwangalii mtu. Aliyepewa ofisi yenye mshahara ule alikuwa egregius hata akiwa mvivu, hata akiwa mla rushwa. Neno lililoanza kwa kumtazama kiumbe likaishia kutazama kiti alichokalia.

Halikuwa peke yake. Aulus Gellius, mwandishi wa karne hiyohiyo, anamnukuu msomi akisema kwamba mwandishi wa kutegemewa ni classicus, si proletarius: wa daraja la kwanza katika orodha ya wenye mali, si wa daraja la wasio na kitu. Ndiko linakotoka neno classic, tunalowapa waandishi tunaowaona kuwa wa kudumu. Daraja la kodi ndilo lililozaa daraja la fasihi.

Baadaye wenye vyeo wakawa wengi. Kila mmoja akatafuta cha juu zaidi, na katika karne ya 4 egregius kama cheo kikatoweka.

Waliotolewa kundini wakizidi, nao wanakuwa kundi.

## London

Kiingereza kililichukua neno karne ya 16, wakati wasomi wa Uingereza walipokuwa wakizoa Kilatini bila kuchoka. Mwanzoni lilikuwa sifa. Sehemu ya pili ya tamthilia ya Tamburlaine ya Christopher Marlowe, iliyochapwa 1590, inafunguka kwa mfalme anayewahutubia watawala wenzake wa mashariki kwa neno hilo, egregious viceroys. Anawatukuza.

Karibu 1599, katika Henry V ya Shakespeare, Pistol, askari mwenye mdomo mkubwa kuliko upanga wake, anamkamata Mfaransa vitani na kumdai egregious ransom. Hapo neno halisifu wala halilaani. Fidia ni kubwa tu, kubwa mno. Kisha katika Cymbeline, tamthilia yake nyingine ya karibu 1610, Posthumus anaamini kwamba amemuua mkewe asiye na hatia, na kwa majuto anajiita egregious murderer. Muuaji aliyewapita wauaji.

Sifa, ukubwa, laana. Yote ndani ya miaka kama 20, kwenye majukwaa ya mji mmoja.

Kwa muda mrefu baada ya hapo maana mbili ziliishi nyumba moja. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755 aliziweka zote: kwanza mtu mashuhuri, wa kipekee, pili mtu mbaya kwa namna ya kipekee. Kisha akaongeza kwamba hiyo ya pili ndiyo ya kawaida. Leo ya kwanza imekufa, na Mwingereza akiisoma kwa Marlowe lazima aelezwe pembeni ya ukurasa.

Maelezo yanayotolewa zaidi juu ya mgeuko huo ni kejeli. Watu walimwita mjinga "mtukufu" huku wakikonyezana, na konyezo likaganda ndani ya neno. Naikubali sababu hiyo, ila hainitoshi. Kejeli ipo Italia pia. Ipo Ureno, ambako wimbo wa taifa unawataja mababu kuwa egrégios avós, na wimbo huo ndio uliotawala Msumbiji pia hadi uhuru wa 1975. Ipo Brazili, ambako wakili husimama mbele ya egrégio tribunal na hakuna anayecheka. Mbona huko neno halikugeuka?

Mimi naona hivi. Kiitaliano na Kireno ni watoto wa Kilatini, na neno hili walilihifadhi mahali pamoja, kwenye heshima rasmi, likizungukwa na jamaa zake. Kwa Mwingereza wa sokoni lilikuja likiwa uchi. Hapakuwa na kondoo masikioni mwake, wala zizi, wala mchungaji. Alichosikia ni kwamba huyu yuko mbali na wengine.

Na umbali hausemi ni wa upande gani.

Ukiyapanga maneno ya sifa ya Kiingereza utaona ugonjwa huo kwa mengi. Eminent ni kuchomoza. Outstanding ni kusimama nje. Extraordinary ni kuwa nje ya safu. Excellent lenyewe, lile ambalo walimu wetu huliandika kwa wino mwekundu, ni la kitenzi cha Kilatini excellere, kuinuka kupita wengine. Yote yanataja mahali ulipo ukilinganishwa na wenzako. Hakuna hata moja linalosema umefanya nini.

## Lililopanda

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sifa ina tabia ya kuoza, kisha nikakumbuka superb.

Superbus kwa Warumi alikuwa mwenye kiburi. Mfalme wao wa mwisho anajulikana kwa jina hilo, Tarquinius Superbus, na kwa mapokeo yao walimfukuza mwaka 509 KK, wakaapa kutotawaliwa na mfalme tena. Wakristo nao wakaiweka superbia, kiburi, kwenye kichwa cha orodha ya dhambi kuu. Neno lenye historia hiyo likavuka bahari karne ileile ya 16, likaanza kusifia majumba na mavazi ya fahari, na leo mzazi wa Kiingereza humwambia mwanawe kwamba mchoro wake ni superb. Egregious lilishuka, superb likapanda, na ngazi ni ileile.

Sisi tunaijua ngazi hiyo. Mwimbaji akiwanyanyua watu harusini, tunasema ni hatari. Mshairi hodari ni mkali. Mfungaji wa mabao ni balaa, au ni kiboko, na kiboko kabla ya kuwa sifa kilikuwa mjeledi wa ngozi, tena mgongoni mwa babu zetu. Neno la maumivu likawa taji kwa sababu waliochapwa nalo walilichukua wakalitumia wapendavyo.

Hapo nikaanza kumwangalia msemaji badala ya neno.

## "Mimi nilitolewa"

Msichana alirudi na jibu la babu yake, nilitie kwenye Kiitaliano. Nilipomaliza nikamsimulia nilikofika: zizi, cheo, segregation. Akanyamaza kidogo.

"Mjomba, mimi nilitolewa."

Alikuwa wa kwanza katika shule yake ya msingi, akachaguliwa kwenda shule ya kitaifa ya bweni huko bara. Nakumbuka furaha ya siku ile. Pilau ilipikwa na watu wakaja kumpa mkono baba yake kama vile yeye ndiye aliyefanya mtihani. Likizo ya kwanza aliporudi nyumbani, wasichana aliokuwa akiteka nao maji walianza kumwita madam.

"Walikuwa wanakuheshimu au wanakusema?"

"Yote mawili. Kwa sauti ileile."

Nimesoma kurasa nyingi juu ya egregious, na hakuna uliolifungua neno kama jibu hilo. Wasichana wale hawakuwa wakikonyezana. Hawakupanga kumuumiza. Walikuwa wamebaki, na mwenzao katolewa, na hawakuwa na jina la kumwitia ila la heshima. Heshima hiyo ilikuwa na umbali ndani yake, nao walikuwa wa kwanza kuusikia. Tunapouliza sifa iligeukaje laana, tunamkodolea macho aliyesifiwa. Wale walioachwa zizini hatuwaulizi, ilhali ndio wenye kulisema neno kila siku.

Lugha husemwa na kundi.

Kiswahili chenyewe kimeliweka jambo hili ndani ya kitenzi kimoja. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 13, Roho Mtakatifu anasema, "Nitengeeni Barnaba na Sauli." Biblia ya Kilatini, katika toleo la Clementine, hapo ina segregate, amri ya kitenzi kilekile kilichozaa segregation. Kutengwa huko ni kuchaguliwa kwa kazi kubwa. Lakini mshirika akianguka, kanisa humtenga. Ndugu wakikosana, mmoja hutengwa, asiitwe harusini wala asingojewe mazikoni. Kutengwa ni kulekule, na aliyetengwa huweza kukaa miaka bila kuwa na hakika ni kutengwa kupi kati ya huko kuwili kumempata. Binti huyu mpaka leo hana hakika.

Nilikuwa na wasiwasi mmoja, nao nausema wazi. Asili ya neno haiamui maana yake ya leo. Mtu anayesema egregious mahakamani hafikirii kondoo, na hana deni la kuwafikiria. Je, namtwika binti wa watu mzigo wa lugha iliyokufa? Wasiwasi huo ulinishika siku kadhaa nikaacha kuandika. Kilichonirudisha ni kwamba tabia yenyewe haijafa. Tunayo. Kila mwaka matokeo yakitoka tunachomoa mmoja kutoka kijijini, tunampiga picha, tunampeleka mbali, na wengine waliobaki darasani tunawaita waliobaki. Lugha ya Kirumi imetoweka mitaani kwao na jicho lao tunalo sisi.

## Fahali wanne

Kilatini kilikuwa na neno jingine la ubora, jirani kabisa na lile la kwanza: eximius. Linatokana na eximere, kutoa, kuchomoa. Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na eximious, la kusifu tu, likafa bila kugeuka kuwa tusi. Kwa Kihispania na Kireno lingali hai, na Francisco Suárez, mwanateolojia wa Granada aliyeishi 1548 hadi 1617, bado anatajwa vyuoni kama Doctor Eximius.

Festus, mwanakamusi wa Kirumi wa karne ya 2, ambaye kazi yake imetufikia kwa sehemu kubwa kupitia muhtasari wa mtawa Paulo Shemasi wa karne ya 8, anaeleza neno hilo lilikotoka. Mnyama bora kuliko wote alitolewa kundini kwa ajili ya kafara. Huyo ndiye eximius.

Nilisoma mara mbili.

Virgil, mshairi wa Kirumi, analitumia kwa maana hiyohiyo katika shairi lake la ukulima, Georgics, kitabu cha nne. Nyuki wa Aristaeus, mfugaji wa nyuki katika hadithi hiyo, wamekufa wote. Mama yake anamwagiza achague fahali wanne, eximios, wenye miili ya kupendeza kuliko wengine, na mitamba wanne ambao shingo zao hazijawahi kuguswa na nira. Awachinje, aiache mizoga kichakani, arudi alfajiri ya siku ya tisa. Anaporudi anakuta nyuki wanavuma ndani ya mizoga, wanamwagika nje, wanapanda juu kama wingu na kuning'inia matawini.

Wale fahali hawakufanya kosa lolote. Kosa lao ni uzuri. Laiti mmoja angekuwa kiguru angeishi. Watu wa pwani wanaelewa vizuri: mnyama wa Sikukuu ya Kuchinja hawi chongo, hawi kiguru, hawi mgonjwa wala aliyekonda mno. Anayestahili ni mzima. Ubora ndio unaomfikisha kisuni.

Lakini katika shairi la Virgil nyuki wanarudi. Kilichotolewa hakikupotea, kimelipa kitu kwa waliobaki. Hilo sikuwa nimeliona kwa vir egregius na sestersi zake 60,000.

## Sampuli

Eximere halikuishia kwa fahali. Limezaa exempt, aliyetolewa kwenye wajibu, asiyelipa ushuru, asiyekwenda jeshini. Limezaa pia exemplum, kitu kinachotolewa miongoni mwa vingine ili kionyeshe vingine vikoje. Kwa Waingereza exemplum likawa example. Wafaransa wa kale walilisema essample, Waingereza wakalikata kichwa likabaki sample, nasi tukalipokea kwao, tukaliongezea irabu.

Sampuli.

Nilifurahi kwelikweli nilipolifikia. Wiki zote hizo nilikuwa nalitafuta neno la Kilatini kwenye vitabu vya watu, kumbe jamaa yake anatajwa kila siku kwenye maduka ya nafaka hapa mjini. Mnunuzi wa mchele hafungui gunia zima. Analichoma kwa bambo, anachomoa punje kiganjani, anazitazama, anazitafuna moja mbili. Hakuna anayesema punje zile ni bora kuliko gunia. Zimetolewa ili gunia lijulikane, na zinajulikana kwa sababu ni za gunia.

Exempt na example, basi, ni ndugu wa damu. Mmoja katolewa asibebe mzigo wa wenzake. Mwingine katolewa awabebe wenzake machoni pa watu. Na yule fahali katolewa afe kwa ajili yao. Kutolewa ni kulekule kwa wote watatu. Sifa ya Kiingereza iliyooza ni ile iliyohesabu hatua tangu zizini na kusahau kuuliza zinaelekea wapi.

Nilimwambia msichana habari ya bambo. Aliipenda, kisha akaikataa nusu. Akasema punje haina hiari, na yeye anayo. Hataki kuwa mfano wa kijiji chote kila anapofungua mdomo darasani, kwamba akikosea swali Malindi nzima imekosea. Ana haki. Kule bweni alikuwa sampuli kwa lazima, na hakuna aliyeuliza kama mabega yake yanatosha. Akimaliza sheria anaweza kurudi kwenye kesi za ardhi hapa pwani, ambazo hazipungui, au akabaki Nairobi. Mimi natamani arudi, na nimemwambia. Akibaki sitamwita madam.

Jambo moja nalishika kwa nguvu zote. Mwalimu anapoandika bora au excellent chini ya insha ya mtoto, aongeze sentensi moja: umeeleza vizuri mvua inavyoanza, umemwachia bibi aseme kwa maneno yake. Sentensi hiyo haimtoi mtoto kundini. Inataja kazi, na kazi ikitajwa mwenzake wa dawati la jirani anaweza kujifunza. Nimewaona watoto wakitunza madaftari yenye sentensi kama hizo mpaka wanaoa.

Naendelea kukusanya maneno ya Kiswahili ya namna hii, yaliyoanza kwa heshima yakaja kuuma, na yaliyoanza kwa kuuma yakaja kuwa heshima. Kiboko ninalo, mkali ninalo, madam ninalo. Kama kwenu Lamu, Pemba, Kigoma au Bukavu lipo jingine, niandikie, na unieleze pia nani hulisema na nani huambiwa.